Shangazi, mwanasaikolojia anataka laki tano kabla hajanisikiliza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, nina mke na watoto watatu, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Naomba usinitaje jina wala barabara ninayokaa, maana Ngamiani hii ukipiga chafya barabara ya 4, wa barabara ya 15 anakuuliza unaendeleaje na mafua.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, kaka yangu mkubwa alifariki kwa ajali karibu na Segera. Tulikuwa gari moja, tunatoka Dar, magharibi imeingia. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi nilitoka na michubuko ya mkono, basi. Tukazika, tukasoma hitma, watu wakatawanyika, nikarudi kazini wiki hiyohiyo kwa sababu kulikuwa na meli inashusha na mwenye mzigo alikuwa hataki kusikia habari za msiba.

Tangu hapo sijawa mimi. Usiku nashtuka nimelowa jasho. Lori likipiga breki getini bandarini moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, nasingizia sukari. Safari za Dar nawaachia wenzangu, na ikinibidi kabisa napita Pangani, navuka kwa pantoni, nazunguka Mkwaja huko mpaka Bagamoyo na vumbi lake lote, ili tu nisiione Segera. Nyumbani nimekuwa mkali. Mwezi uliopita nilimrushia mwanangu wa kati kikombe kwa sababu aliangusha sufuria nyuma yangu. Hakikumpata. Mke wangu hakusema neno mpaka usiku, ndipo akaniambia, "Baba watoto, tafuta mtu wa kuzungumza naye. Mimi mwenyewe sasa nakuogopa."

Mama mkwe amenileta kwa shehe, nimesomewa, nimekunywa kombe. Nilipata nafuu, kisha yakarudi. Rafiki yangu mmoja akanipa namba ya mwanasaikolojia binafsi, mwanamke, ana chumba chake Raskazone. Nilimpigia, ana sauti ya upole. Kisha akanitumia bei kwa WhatsApp: kikao cha saa moja ni 60,000, lakini anayeanza lazima achukue kifurushi cha vikao 10 kwa 500,000, kulipwa kabla, na pesa hairudi. Ofa inaisha mwisho wa mwezi. Nikafungua status zake, nikakuta jumbe za wateja wanamshukuru, mmoja anaeleza ndoa yake ilivyopona. Majina yamefutwa. Lakini shangazi, huyo mtu nilimjua.

Sasa sijui. Je, nilipe? Nikienda ndiyo nimeshakuwa chizi, maana kazini utani wetu ni "utapelekwa Lutindi"? Nitakayomwambia yatabaki kwake? Na huko ndani kunafanywa nini hasa? Mama mkwe anasema kumweleza mtu baki mambo ya ndani ni kukosa imani. Nisaidie.

Asiyelala, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umemzika ndugu yako, na wewe mwenyewe umenusurika katika gari lilelile. Hayo ni mawili, na nadhani watu walikupa pole ya moja tu.

La uchizi tulimalize haraka, halistahili nafasi kubwa. Lutindi ile ya milimani Korogwe ni hospitali ya kanisa, inapokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na wanaolazwa pale ni watu wenye maradhi mazito. Chumba cha mwanasaikolojia ni viti viwili na mlango. Hakuna kitanda wala sindano, na ukitaka kuondoka katikati ya maneno unaondoka. Hayo unayoyaeleza, kuota, kushtuka kwa mlio wa breki, kuikwepa barabara, hasira za ghafla, yakizidi mwezi mmoja baada ya jambo la kutisha, wataalamu wanayafahamu vizuri na wana tiba zilizokwisha kupimwa. Au pengine ni msiba uliogoma kupoa, ambao nao umo katika orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Inawezekana ni yote mawili. Kupima ni kazi ya mtaalamu aliyekaa mbele yako, si yangu mimi niliyesoma barua.

Tuje Raskazone.

Umeniuliza bei, lakini mimi macho yangu yaligota kwenye zile status. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kanuni zake husomwa na wataalamu wa nchi nyingi, kinamkataza mwanachama wake kumwomba mteja aliye bado kwenye tiba amtolee ushuhuda. Ukifikiri utaona kwa nini. Mtu aliyekwisha kumwaga aibu zake mbele yako, ukimwomba kitu atakukatalia vipi? Huenda huyo uliyemtambua aliulizwa na akakubali, huenda hata alifurahi. Sitaki kumhukumu mama wa watu. Siku hizi kila biashara inaishi kwa status, mpaka wauza mahamri. Lakini jina limefutwa na wewe bado umemjua. Katika mji wetu jina ndilo kitambulisho kidogo kuliko vyote. Tukisikia tu "mume wake yuko Oman, walioana mwaka wa mafuriko", tumeshafika mlangoni kwake.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwake, kabla ya bei, ni hili: "Yangu utayaweka status?" Muulize hivyohivyo, usizunguke. Akijibu kwamba hataweka kamwe bila ridhaa ya maandishi, na kwamba ukikataa hakuna kitakachobadilika, msikilize zaidi. Akicheka akakwambia usijali, mimi huwa nafuta majina, wewe jali.

Siri yenyewe ina mipaka, na mtaalamu mwenye adabu ya kazi yake hukueleza mipaka hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua mdomo. Kwa kawaida atatoka nje na maneno yako ikiwa una nia ya kujidhuru, au kumdhuru mtu unayemtaja, au mahakama ikimwamuru. La nne ni mtoto anayeumizwa. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote, si daktari tu, atoe taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Usishtuke ukadhani kile kikombe kitakupeleka polisi. Mwulize tu mapema: nikikueleza kwamba nimemrushia mwanangu kitu na hakikumpata, wewe unafanya nini? Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kulifikiria jambo hilo au ndiyo kwanza analisikia kwako. Nisingependa ulifiche, kwa sababu hilo ndilo lililokufanya utafute msaada.

Kisha kuna siri ya karatasi, ambayo watu huisahau. Anaandika nini wakati unazungumza? Daftari linalala wapi usiku? Anarekodi sauti? Wataalamu wengi wana mkubwa wao wa kazi wanayemwendea kupata ushauri juu ya wagonjwa, na hilo ni jema, lakini una haki ya kujua kwamba habari yako inafika huko na kwamba inafika bila jina. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ya mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti. Mwenye kliniki ya chumba kimoja Raskazone naye inamhusu.

Mwulize pia mkikutana Mgandini sokoni itakuwaje. Utaona ni swali la kipuuzi mpaka siku mkutane. Utaratibu wa wengi ni kwamba mtaalamu hakusalimii mpaka wewe umsalimie kwanza, na ukimpita kimya naye anakupita. Na akiwa anamfahamu mkeo, wako kikoba kimoja, au mumewe ni mteja wako pale bandarini, basi huyo si wako, hata awe bingwa. Mtaalamu mzuri atalisema yeye mwenyewe na kukupa namba ya mwingine.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza ila nimelisikia katikati ya mistari. Wewe ni mwanamume wa Kiislamu, yeye ni mwanamke, mlango unafungwa saa nzima. Mama mkwe akilijua hilo utakuwa na kesi ya pili. Yapo mambo ya kufanya: chumba chenye kioo mlangoni ambacho watu wanaona kivuli lakini hawasikii, au mtu wa mapokezi aliyekaa nje muda wote. Unaweza pia kuomba mwanamume, au mkazungumza kwa video. Ukiwa na wasiwasi huo kichwani, saa nzima utakuwa unasikiliza nyayo za nje badala ya kusema kilichokuleta. Lisemeni mwanzoni, lisiwe la aibu.

Sasa pesa. Idadi ya vikao kumi haina ubaya wowote. Uingereza, taasisi yao inayoandika miongozo ya matibabu, NICE, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 wa watu waliopatwa na mambo ya kutisha, inataja vikao 8 hadi 12 kwa kawaida. Utafiti wa zamani kidogo wa Marekani, wa Howard na wenzake mwaka 1986, ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa tiba ya mazungumzo walikuwa wameonyesha nafuu inayopimika kufikia kikao cha 8, na kama robo tatu kufikia cha 26. Mtu akikwambia utapona kwa vikao viwili, ana shida ya kodi ya chumba. Na akikataa kabisa kukadiria, anasema "tutaona, tutaona", hapo napo pana shida.

Ninachokikataa ni kulipa yote, isiyorudi, kwa mtu uliyemsikia sauti tu. Hiyo ni ndoa bila posa. Katika tiba hii, mojawapo ya mambo yanayoonekana tafiti baada ya tafiti kwamba yanakwenda pamoja na kupona ni uelewano kati ya mgonjwa na mtaalamu. Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliuchambua uelewano huo mwaka 1979 akasema una sehemu tatu: mmekubaliana mnakwenda wapi, mmekubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuna kuaminiana baina yenu. Hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuijua kwa simu ya dakika nne. Unazijua kwenye kikao cha kwanza, cha pili, pengine cha tatu. Na ukigundua hapana, uwe huru kuondoka na pesa yako mfukoni. Laki tano zilizokwisha kwenda zitakufanya ubaki kwa mtu asiyekufaa ili usionekane umepoteza.

Lipa kwa kikao. 60,000 ni pesa nyingi, najua, hasa mwezi ambao meli hazijaingia. Mwulize kama ana bei ya chini kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka. Wengine wanayo ila hawaitangazi. Kama una bima, usidhani inalipia wala usidhani hailipii, wapigie kwanza. Uliza ukishindwa kuja inakuwaje, maana wengi hukutoza kikao kizima usipotoa taarifa saa 24 kabla, na kwa kazi yako ya meli zinazokuja usiku hilo litakupata tu. Uliza na yeye akishindwa kuja inakuwaje, hapo ndipo wengine hukohoa. Chukua risiti. Na kama unalipa kwa simu, kumbuka meseji inaonyesha jina la biashara aliloandikisha, na simu yako bila shaka watoto wanachezea gemu.

Kuhusu yeye ni nani: neno "mwanasaikolojia" linaandikwa kwenye vibao vingi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, ndiye anayeweza kukuandikia dawa, na jina lake linatakiwa liwe katika rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba hakuandikii dawa. Amesomea kupima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Muhimbili, chuo kikuu chetu cha afya, kinafundisha saikolojia tiba kwa ngazi ya uzamili. Mshauri nasaha ni mwingine tena, anaweza kuwa mzuri sana kwa mambo ya ndoa na kazi, lakini mafunzo yao yanatofautiana kuanzia shahada hadi semina ya wiki moja. Kumuuliza mtu alisoma wapi, nini, kwa muda gani, na nani anamsimamia si utovu wa adabu. Wewe mwenyewe mwenye mzigo anakuuliza leseni ya uwakala kabla hajakupa karatasi zake.

Kisha mwulize ameshawatibu watu walionusurika ajali, na anatumia njia gani. Jibu la "mimi huwa nasikiliza tu na kutia moyo" halikutoshi wewe. Yako inataka mtu mwenye njia. Inayojulikana zaidi ni CBT, yaani tiba ya kubadili fikra na mienendo, ile ya watu waliopata mshtuko, ambayo ina mazoezi ya kufanya nyumbani, kuandika, na kurudia kulisimulia tukio hatua kwa hatua mpaka lipungue makali. Nyingine inaitwa EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko utaambiwa ulikumbuke tukio huku macho yakifuata kidole kinachokwenda kulia na kushoto. Nakwambia mapema ili siku hiyo usidhani unafanyiwa mazingaombwe.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu umeuliza kunafanywa nini huko ndani na wengi huingia bila kujua. Wewe umejenga maisha ya kuikwepa Segera. Ukizunguka Pangani, moyo unatulia, basi mwili unajifunza kwamba kweli Segera ni hatari, na safari ijayo hofu inakuwa kubwa zaidi. Tiba ya kweli itaigusa hofu hiyo, tena kwa makusudi. Taratibu, kwa ridhaa yako, mtafika mahali pa kulisema tukio lote, kwanza kiti cha nyuma, kisha taa za gari lililokuwa linakuja, kisha kaka yako. Pengine baada ya wiki nyingi utaombwa uipite barabara ile mchana, na mtu pembeni. Ujue hilo kabla hujalipa hata shilingi. Wewe ndiye mwenye kusema "leo hapana". Na atakayekwambia siku ya kwanza "nieleze ajali yote tangu mwanzo" kabla hajakufundisha jinsi ya kujituliza, mwambie asubiri. Mtu anaweza kutoka nje ya mlango amefunguka jeraha lote, kisha akapanda pikipiki kurudi Ngamiani.

Kwa hiyo wiki za mwanzo unaweza kujisikia vibaya kuliko sasa. Ndoto zinaweza kuongezeka. Mara nyingi hiyo ni sehemu ya safari, lakini si siku zote: watafiti kama Michael Lambert wanakadiria kwamba asilimia 5 hadi 10 ya watu wazima wanaotibiwa kwa mazungumzo huishia hali ikiwa mbaya zaidi. Ndiyo maana usivumilie kimya kwa heshima. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kusema "nzuri" hata nyumba ikiwaka. Kwa mwanasaikolojia, "nzuri" ya uongo ni pesa uliyotupa baharini. Kubalianeni kwamba baada ya kikao cha nne mtakaa mjiulize: usingizi umebadilika? Nyumbani kukoje? Tuendelee hivi, tubadili njia, au nikutafutie mwingine? Na vikao usivipange asubuhi ya siku yenye kazi ya malori. Panga jioni, au siku ambayo baada yake hauendeshi.

Mama mkwe mwache na mapenzi yake. Kombe na dua havigombani na hiki. Mtume alituhimiza kutafuta dawa, na mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwa urefu juu ya huzuni, hofu na wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yanayotibika kwa fikra na maneno mazuri, kama mwili unavyotibiwa kwa dawa. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakati hakuna Raskazone wala status. Mwambie mama hivyo, kwa adabu. Asipokubali, mpe mkono wa shikamoo na uende zako. Ila mtaalamu akikwambia uache dini yako, au akikualika kwenye yake, ondoka. Vilevile akikuuzia mafuta, akikukopa, au akikugusa kwa namna isiyo ya salamu.

Mkeo usimfiche. Si lazima umweleze unayoyasema ndani, hayo ni yako, na mtaalamu asiongee naye pembeni bila wewe kuridhia. Lakini ajue unakwenda wapi Jumamosi, kwa sababu mwanamume anayetoweka saa moja kila wiki Raskazone ataletewa habari nyumbani, na habari hizo hazitakuwa za saikolojia.

Na yule mtoto wa kikombe, mwanangu, anasubiri neno lako. Hilo halina kifurushi wala miadi. Mwite leo, mwambie hakukosea, baba ndiye aliyekosea.

Kabla au sambamba na hayo nenda Bombo. Ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mweleze daktari ukweli wote na umuulize huduma yao ya afya ya akili. Gharama yake hailingani na ya chumba binafsi, na anaweza kukupima presha, sukari uliyoisingizia, na tezi ya shingoni, ambayo ikichachamaa nayo humfanya mtu atetemeke na moyo umwende mbio. Dawa za usingizi za kununua dukani kimyakimya usiziguse. Na usiku wowote ukijikuta unafikiri ni bora ungekufa wewe badala ya kaka, usisubiri miadi ya mtu. Mwamshe mkeo, mwende Bombo usiku huohuo.

Kama Tanga nzima unaiona ndogo, tafuta mtaalamu wa Dar kwa video. Hatamjua shemeji yako. Masharti ni yaleyale, unaongeza mawili tu: bando lisilokatika, na mahali pa kukaa ambapo hakuna anayesikia. Ofisini kwenu bandarini si mahali hapo. Watu wengi wanakaa ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa. Najua gari ndilo tatizo lako. Basi omba chumba kwa rafiki aliyekupa namba, yeye tayari anajua.

Huyu wa Raskazone mtumie ujumbe huu, uunakili tu: "Habari za kazi. Ningependa tuanze na kikao kimoja nilipie hicho, tufahamiane, kisha tuamue kuhusu vingine. Naomba pia kujua umesomea wapi, unatumia njia gani kwa watu waliopata ajali, na kwamba habari zangu hazitawekwa popote." Akikubali, nenda Jumamosi na maswali yako kwenye karatasi, na siku hiyo usiseme habari za Segera zaidi ya sentensi mbili. Akikukumbusha kwamba ofa inaisha mwisho wa mwezi, mshukuru, kisha mpigie wa Dar.